Ini Kujaa Mafuta kwa Mjamzito: Dalili Zisizosubiri Kesho

Kijitabu hiki ni cha mjamzito, mwenzi wake na wote wanaoishi naye.

Ni ugonjwa gani?
Wajawazito wengi hutapika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Kutapika kunakoanza upya mimba ikiwa na miezi saba au zaidi kusichukuliwe kuwa ni "mimba tu". Huenda ini limejaa mafuta ghafla. Ugonjwa huu ni nadra. Hukadiriwa kumpata mjamzito 1 kati ya 7,000 hadi 20,000. Lakini ukianza, ndani ya siku chache mama huweza kuwa mahututi.

Mafuta ya ini yanayotokana na unene au kisukari ni tatizo tofauti. Hayo hujijenga kwa miaka, na huongeza hatari ya kisukari cha mimba na kifafa cha mimba. Ukiwa nayo, mweleze mhudumu tangu hudhurio la kwanza kliniki.

Unasababishwa na nini?
Katika baadhi ya familia, mtoto aliye tumboni hurithi kasoro ya vinasaba kutoka kwa baba na mama, akashindwa kuvunja aina fulani ya mafuta. Mabaki yake huingia kwenye damu ya mama na kuliumiza ini. Kwa wengine chanzo hakijulikani. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza, mimba ya mapacha na mama mwenye kifafa cha mimba. Ugonjwa huu hauletwi na chakula alichokula mama, wala si kosa lake.

Dalili
• Kichefuchefu na kutapika
• Maumivu juu ya tumbo, hasa upande wa kulia
• Uchovu mkubwa na kukosa hamu ya kula
• Kiu kali na kukojoa mara kwa mara
• Macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi
• Kuumwa kichwa, kusinzia ovyo au kuchanganyikiwa
• Kutokwa damu puani au kwenye fizi

Baadhi ya dalili hizi hufanana na za malaria, homa ya ini au vidonda vya tumbo. Kipimo cha malaria pekee hakitoshi: omba upimwe pia presha, mkojo, sukari, wingi wa damu, ini na figo.

Madhara kwa mama na mtoto
Ini ndilo linalotunza sukari ya mwili na kutengeneza protini zinazogandisha damu. Likishindwa, sukari hushuka hadi mama kupoteza fahamu, na damu hukataa kuganda, hivyo kujifungua kunaweza kuleta damu nyingi. Figo nazo huweza kufeli. Mtoto huweza kuchoka tumboni, kuzaliwa njiti au kufia tumboni.

Matibabu
Tiba ni kumzalisha mama mapema baada ya hali yake kuimarishwa, hata kama miezi haijatimia. Hupewa dripu ya glukosi, damu na uangalizi wa karibu. Zamani wengi waliopata ugonjwa huu walifariki. Leo wengi hupona wakiwahi hospitali yenye uwezo.

Familia ifanye nini?
• Mpelekeni kituoni siku hiyohiyo, usiku au mchana, pamoja na kadi ya kliniki.
• Msimpe mitishamba wala dawa za kutuliza maumivu bila ushauri wa mhudumu.
• Akipewa rufaa, ondokeni mara moja. Ndugu wawe tayari kuchangia damu.

Baada ya kujifungua
Kwa kawaida ini hurudia hali yake ndani ya wiki chache. Mtoto afuatiliwe sukari, na achunguzwe kasoro ya vinasaba pale kipimo kinapopatikana. Hadi daktari aseme vinginevyo, asikae muda mrefu bila kunyonya. Analegea, anatapika au hataki kunyonya? Mrudisheni hospitali haraka.

Ugonjwa unaweza kujirudia. Kabla ya kubeba mimba nyingine, muoneni daktari wa wanawake. Mkishapata mimba, anzeni kliniki mapema na mtaje wazi ugonjwa uliotokea, ili mama afuatiliwe kwa karibu hadi ajifungue.