Homa Isiyosikia Dawa ya Malaria: Jikinge na Nzi wa Mchanga, Itambue Kala-azar

Mkazi wa Baringo au Pokot Magharibi akishikwa na homa, jambo la kwanza linalomjia ni malaria. Ndivyo tulivyozoea, na mara nyingi huwa ndiyo. Lakini katika maeneo makavu ya Kenya kuna homa nyingine inayojificha nyuma ya mazoea hayo. Mgonjwa humeza dawa ya malaria akapata nafuu kidogo, wiki ikiisha homa imerudi, na mambo huenda hivyo hivyo mpaka tumbo lifure na mwili uishe. Hiyo ni kala-azar. Isipotibiwa, huua zaidi ya wagonjwa 95 kati ya kila 100. Ikitibiwa mapema, walio wengi hupona.

Makala haya yanaeleza namna ya kujikinga na mdudu anayeieneza, dalili za kuangalia, na la kusema ukifika hospitalini. Shina lake ni moja: mengi tunayoyajua kuhusu mbu na malaria hayatufai hapa, na mengine yanatupotosha.

Ugonjwa uko wapi

Nchini Kenya, kala-azar iko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa na sehemu za Kitui. Upande wa Uganda, iko Karamoja, hasa wilaya za Amudat na Moroto. Iko pia Ethiopia, Somalia, Sudan na Sudan Kusini, na mifugo na watu wanaovuka mipaka hiyo hawaulizi ugonjwa umeanzia nchi gani.

Si ugonjwa mgeni. Katika miaka ya 1940 uliwapata askari wa King's African Rifles waliokuwa kaskazini mwa Ziwa Turkana. Kuanzia mwaka 1952 ukalipuka Kitui. Hata leo mzigo umelemea upande wetu: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, karibu robo tatu ya wagonjwa wote walioripotiwa duniani walikuwa wa Afrika Mashariki, na nusu yao walikuwa watoto wasiofika miaka 15.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa asidhani hayamhusu. Dereva wa lori, askari, mwalimu aliyehamishiwa kaskazini, fundi wa barabara na mfanyabiashara wa mifugo wote hulala huko. Na kwa kuwa dalili kwa kawaida huanza miezi 2 hadi 6 baada ya kuumwa, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka, mtu anaweza kuugulia Thika ugonjwa alioupatia Marigat. Daktari wa Thika hatauwazia asipoambiwa.

Nzi mwenyewe

Nzi wa mchanga, ambaye wengine humwita usubi, si yule usubi wa mtoni anayeleta upofu. Huyu ni mdogo mno: milimita 2 au 3 tu, kama theluthi ya mbu. Ana rangi ya vumbi na vinyweleo mwili mzima. Ukimwangalia ametua ukutani, mabawa yake huwa yamesimama juu ya mgongo, hayakulala. Haruki mbali, huenda kwa kurukaruka kifupi kifupi karibu na ardhi, na upepo kidogo tu humshinda. Wala hana ule mlio wa mbu wa kumwamsha mtu. Wengi huja kumjua kwa muwasho tu, na wengine hawasikii kitu.

Anayeuma ni jike, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Huanza kutoka jua likizama, akauma usiku hadi alfajiri. Mchana hujificha penye giza na unyevunyevu kidogo: ndani ya mashimo ya vichuguu, mapango ya wanyama, matundu ya miti, nyufa za ardhi na nyufa za kuta za udongo. Aina inayosumbua zaidi Kenya hupenda sana vichuguu. Watafiti waliofanya kazi Kitui baada ya mlipuko wa miaka ya 1950 waligundua kwamba wanaume na wavulana walikuwa na desturi ya kukaa kwenye vichuguu karibu na nyumbani jioni, wakipiga soga. Hiyo ndiyo saa nzi hao wanatoka.

Tofauti nyingine kubwa na mbu ni kwamba hazalii majini. Mayai na mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na takataka zinazooza, kama samadi na majani. Kwa hiyo kukausha madimbwi na kufunika mitungi, kazi njema dhidi ya mbu, hakumpunguzi huyu hata mmoja.

Kinachotokea mwilini

Nzi akinyonya damu ya mtu mwenye kala-azar, hubeba vimelea viitwavyo Leishmania donovani. Vimelea hukua tumboni mwake kwa siku kadhaa, kisha anapomuuma mtu mwingine huviacha mwilini mwa huyo. Huko huingia ndani ya chembe zilezile za damu zinazopaswa kupambana na magonjwa, vikazaliana humo na kusambaa hadi kwenye ini, uboho wa mifupa na bandama, yaani wengu.

Uboho ukivamiwa, damu hupungua. Kinga ikishuka, nimonia, kuhara na kifua kikuu hupata mlango. Ndiyo maana wagonjwa wengi huishia kuuawa na maradhi hayo ya pili au kwa kuvuja damu. Si kila aliyeingiwa na vimelea huugua. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa na mtu mwenye virusi vya ukimwi wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Kula sahani moja na mgonjwa, kumshika au kukaa karibu naye hakuambukizi. Asitengwe.

Dalili za kuangalia

- Homa ya zaidi ya wiki mbili, inayokuja na kuondoka, isiyoisha hata baada ya dozi kamili ya dawa ya malaria.
- Tumbo kufura, hasa chini ya mbavu za kushoto, kwa sababu ya bandama kukua. Ini nalo hukua upande wa kulia.
- Kukonda na kukosa hamu ya kula.
- Weupe wa viganja na wa ndani ya kope, uchovu, na moyo kwenda mbio kwa upungufu wa damu.
- Kutokwa na damu puani au kwenye fizi.

Tumbo lililofura lisidhaniwe ni minyoo au utapiamlo peke yake. Na lisichanjwe wala kuchomwa kwa chuma cha moto, kama bado inavyofanywa katika baadhi ya vijiji. Damu ya mgonjwa huyu haigandi vizuri na kinga yake iko chini, hivyo kidonda kidogo kinaweza kumletea madhara makubwa. Bandama hiyo pia hupasuka kwa urahisi ikipigwa au ikikandwa kwa nguvu, kwa hiyo mtoto aachishwe michezo ya kusukumana hadi apone.

Ukifika hospitalini

Usiseme tu "ana homa". Sema muda, dawa alizotumia na mahali alipolala. Kwa mfano: "Daktari, mtoto huyu ana homa wiki ya tatu sasa. Amemaliza dawa ya malaria na haijaisha. Tunatoka Tiaty. Tunaomba apimwe kala-azar." Anayeugulia mbali na maeneo hayo aseme: "Miezi minne iliyopita nilikuwa kazini Wajir, nikilala nje."

Mhudumu ataishika bandama, kisha achukue tone la damu kidoleni na kuliweka kwenye kipimo cha haraka kiitwacho rK39. Hicho ni kijiti chembamba kinachoonyesha mistari. Majibu hupatikana pale pale, kwa takriban dakika 10 hadi 20. Zahanati nyingi ndogo hazina kipimo hiki, lakini hospitali za maeneo yenye ugonjwa huwa nacho. Kimalel na Chemolingot kule Baringo, Kacheliba kule Pokot Magharibi, na Amudat upande wa Uganda ni vituo vyenye uzoefu wa miaka mingi.

Yako mambo mawili ya kujua juu ya kipimo hiki. La kwanza, katika ukanda wetu kinaweza kukosa kuuona ugonjwa uliopo. Mgonjwa akiendelea kudhoofika, kujibiwa "hana" kusiwe mwisho wa safari. Omba achunguzwe zaidi. La pili, mtu aliyewahi kutibiwa kala-azar anaweza kuonyesha "anayo" kwa miaka kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo mweleze daktari mapema. Yeye atahitaji kuchukuliwa majimaji ya bandama, uboho au tezi ili vimelea vitazamwe kwa darubini, kazi inayofanywa na wataalamu katika hospitali.

Matibabu

Kala-azar haina kidonge cha duka la dawa. Tiba iliyozoeleka Afrika Mashariki tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza mwaka 2010 ni sindano za aina mbili, sodiamu stibogluconate na paromomycin, kila siku kwa siku 17. Kabla ya hapo wagonjwa walidungwa kwa siku 30. Utafiti uliofanywa katika nchi za ukanda huu umeonyesha kuwa vidonge vya miltefosine pamoja na sindano za paromomycin kwa siku 14 hufanya kazi vizuri vilevile, na humpunguzia mgonjwa sindano moja kila siku.

Dawa hizi ni kali. Mwambie muuguzi mara moja mgonjwa akitapika sana, akisikia moyo unaruka mapigo, akiumwa tumbo ghafla, au masikio yakianza kuvuma au kuziba. Mwanamke mjamzito, au anayeshuku kuwa na mimba, aseme kabla ya sindano ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi hudhuru mtoto aliye tumboni na iko dawa nyingine inayomfaa. Pimeni pia virusi vya ukimwi, maana mwenye navyo hutibiwa kwa mpango tofauti na ugonjwa humrudia mara nyingi zaidi.

Nauli na siku za kulala wodini ni mzigo kwa familia ya wafugaji, hasa mama akiwa ameacha wengine nyumbani. Mpangeni mapema nani atabaki na watoto na nani atachunga mbuzi, ili mgonjwa asitolewe wodini siku ya 10 kwa kuwa homa imeshuka. Homa huisha kabla vimelea havijaisha. Anayekatiza dozi huweza kurudi na ugonjwa mgumu zaidi.

Baada ya kutoka wodini

Rudi kwa uchunguzi kwa miezi 6. Ikiwa homa imerejea au bandama inakua tena, usisubiri tarehe ya kliniki. Baadhi ya waliopona hutokwa na vipele au mabaka usoni, kisha mikononi na kifuani. Mara nyingi hayaumi wala hayawashi na hupotea yenyewe, lakini ndani yake mna vimelea, na nzi akimuuma mtu huyo anaweza kuvipeleka kwa mwingine. Yaonyeshe hospitalini, na mwenye nayo asikose kulala ndani ya chandarua.

Kujikinga

Hakuna chanjo ya kala-azar kwa binadamu. Kinga iko katika mahali pa kukaa na kulala, kuanzia magharibi.

- Usikae juu ya kichuguu wala kando yake jioni, na uwakataze watoto kuchezea hapo. Kuvibomoa vyote hakuwezekani, na mashimo mengine hubaki. Kilicho rahisi ni kujenga na kutandika mbali navyo.
- Lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata ukilala nje kwa ajili ya joto. Kifunge kwenye matawi au vijiti vinne, ukingo uingie chini ya mkeka. Nzi huyu ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida, hivyo dawa iliyomo ndiyo ngao. Chandarua kilichoisha dawa ni kitambaa tu.
- Wachungaji wanaolala malishoni wabebe chandarua pamoja na kibuyu cha maziwa. Wao ndio hulala karibu zaidi na maficho ya nzi.
- Ziba nyufa za kuta kwa kukandika upya, na uondoe samadi na takataka karibu na nyumba.
- Jifunike mikono na miguu jioni. Mdomo wa nzi huyu ni mfupi, haupenyi nguo kwa urahisi. Penye ngozi wazi, paka dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Penye umeme, feni husaidia.
- Maafisa wa afya wakija kupulizia dawa kuta za ndani, wafungulieni vyumba vyote.

Bangladesh, iliyoteswa na ugonjwa huu kwa vizazi, mwaka 2023 ilitambuliwa kuwa nchi ya kwanza duniani kuishusha kala-azar hadi isiwe tena tatizo la afya ya jamii. Huko, upuliziaji wa dawa majumbani ulikwenda sambamba na kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba, badala ya kuwangoja hospitalini. Hapa kwetu kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye boma. Mmoja akikutwa na kala-azar, mwite mhudumu wa afya ya jamii awaangalie wote waliolala pale miezi ya karibuni, majirani wakiwemo. Mwenye homa iliyopita wiki mbili apelekwe kupimwa safari hiyohiyo.