Tableti ya kupeleka Nakivale

Ukiingia duka la simu mjini Mbarara kutafuta tableti, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Kabla hujamjibu, jiulize mwenyewe mambo mawili: nitaichaji wapi, na mtandao nitaupata kwa njia gani? Mpangaji wa Nyamityobora, hapo hapo Mbarara, mwenye soketi ukutani anaweza kuchukua karibu tableti yoyote na akaishi nayo vizuri. Mwenzake wa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akichukua hiyo hiyo, kutoka duka hilo hilo, huenda akaichoka kabla mwezi haujaisha.

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yapo tangu 1958. Yana ukubwa wa kilomita za mraba 185 hivi, na yamegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Vijiji vimetapakaa vilimani na mabondeni, kwa hiyo mtandao unaoukuta Base Camp si lazima uukute nyumbani kwako. Nyumba nyingi hutegemea sola, au hupeleka simu kuchajisha kwenye kibanda au saluni.

Tuseme kuchajisha mara moja ni shilingi 500. Tableti inayodai chaji kila siku itakula shilingi 182,500 kwa mwaka. Inayokaa siku mbili itakula nusu yake. Hapo umeokoa zaidi ya shilingi 91,000, na ile tableti uliyoiona ghali dukani kwa shilingi 80,000 zaidi ya jirani yake imekwisha kujilipa kabla mwaka haujaisha. Watu wengi hupatana bei kwa saa nzima na hesabu hii hawaipigi.

Betri na kioo

Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh, na wauzaji huitaja namba hiyo kana kwamba hakuna tena la kuuliza. Chukua mfano wa Samsung Galaxy Tab A9 iliyotoka mwaka 2023: kioo cha inchi 8.7, betri ya mAh 5,100. Simu ya Galaxy A15 ya kampuni hiyo hiyo ina kioo cha inchi 6.5 na betri ya mAh 5,000. Betri zinakaribiana kabisa, lakini ukipima eneo, kioo cha tableti ni kikubwa mara mbili hivi, na kioo ndicho mlaji mkubwa wa chaji. Anayedhani kwamba tableti lazima ikae na chaji kuliko simu kwa sababu ni kubwa, amedanganywa na umbo. Tab A9+ yenye kioo cha inchi 11 imepewa mAh 7,040. Kwa hiyo usisome namba ya betri bila kusoma na ya kioo.

Kwa asiye na umeme nyumbani, naona inchi 8 hadi 9 zinatosha. Inchi 10 au 11 ni za mwalimu, karani au mwanafunzi anayeandika kutwa. Na tableti yenye chini ya mAh 5,000, hasa zile za plastiki za rangi rangi wanazouziwa watoto, iache pale pale kwenye rafu.

Kompyuta ya mkononi ya Pilot, iliyotoka Marekani mwaka 1996, ilitumia betri mbili ndogo za AAA na mtu alikaa nazo wiki kadhaa. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa, na ndani hamkuwa na redio ya mtandao. Mwanga na redio ndivyo vinavyomaliza chaji hadi leo, kwa hiyo kupunguza mwanga wa kioo kunaokoa kuliko kufungafunga programu kila dakika. Mandhari meusi nayo husaidia kwenye vioo vya OLED tu. Vioo vya LCD, ambavyo ndivyo vilivyo kwenye tableti nyingi za bei nafuu, taa yake huwaka nyuma hata picha ikiwa nyeusi. Kama unachotaka ni kusoma vitabu peke yake, kisomeo cha wino wa kielektroniki kama Kindle bado hukaa wiki nyingi, ila hakifai kwa kazi nyingine.

Kuna msaada mmoja wa bure kutoka mbali. Tangu Juni 20, 2025, simu na tableti mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima betri zake zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na lebo yake ionyeshe betri inakaa saa ngapi. Sheria hiyo haifiki Mbarara, lakini lebo husomeka mtandaoni kwa jina la modeli. Itafute kabla ya kutoka nyumbani. Nayaamini maneno yake kuliko tangazo lililobandikwa dukani.

Wi-Fi peke yake au na laini?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tableti moja huuzwa kwa namna mbili: ya Wi-Fi tu, na yenye tundu la laini. Maboksi yanafanana kama mapacha. Kwa Tab A9, stika ya boksi ikisema SM-X110, hiyo ni ya Wi-Fi tu. SM-X115 inakubali laini. Kwa modeli nyingine, fungua Mipangilio utafute IMEI. Tableti isiyo na IMEI haina redio ya simu, hata muuzaji aape.

Nyamityobora, Wi-Fi tu inaweza kukutosha kama unakopanga, unakosoma au unakofanya kazi kuna Wi-Fi. Nakivale, tableti ya aina hiyo itabidi iombe mtandao kutoka kwenye simu yako kwa Mtandaopepe, na hapo unamaliza betri mbili kwa kazi moja. Tena simu inayogawa mtandao huisha haraka, na ndiyo simu hiyo hiyo unayoitegemea kupigiwa.

Jambo hili uwaambie mapema ndugu waliopata uhamisho kwenda Marekani au Canada, kwa sababu tableti nyingi huja kama zawadi zao. Waombe mambo matatu: iwe na tundu la laini, isiwe imefungwa kwa kampuni moja ya simu ya huko, na isiwe Amazon Fire, kwa kuwa Fire haiji na duka la programu la Google. Zawadi iliyofungwa huishia kwa fundi, na fundi hafungui kila kitu.

Hata yenye laini ina mtego wake. Baadhi ya tableti hupokea data tu, hazipigi simu wala hazipeleki namba fupi. Ukiwa bado dukani, weka laini yako na upige *165# ya MTN au *185# ya Airtel. Menyu ya pesa isipofunguka, jua kwamba kutuma na kupokea pesa utaendelea kufanyia kwenye kasimu kako kadogo. Si kosa kubwa, ila ujue kabla ya kulipa.

Kuhusu kampuni ipi ina mtandao mzuri, usimuulize muuzaji wa mjini. Muulize jirani yako wa Nakivale anashika mtandao wa nani akiwa ndani ya nyumba. Mtandao ukiwa hafifu, redio ya tableti huongeza nguvu kuutafuta mnara, na betri huisha ukiwa hujafanya lolote. Usiku, au ukiwa bondeni usikohitaji kupatikana, washa Hali ya ndegeni.

Wakimbizi wengi bado wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Tangu 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda imeruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au kwa barua ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Beba kimojawapo unapokwenda mjini. Laini ya jina la mtu mwingine ikipotea pamoja na pesa zilizomo, mwenye jina ndiye atakayesikilizwa.

Mkononi, kabla ya kulipa

Kwa tableti iliyotumika, ilaze chali juu ya kioo cha meza ya duka, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo umevimba, maana yake betri imevimba ndani. Irudishe bila kubishana bei. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Ikilala tuli, iwe imejaa chaji, uweke Hali ya ndegeni, mwanga juu kabisa, na ucheze video iliyomo ndani kwa dakika 20 huku mnaongea. Ikishuka asilimia 3 hadi 6, sawa. Ikishuka 10, betri imechoka. Muuzaji asiyekuruhusu dakika 20 amekwisha kukujibu.

Kisha mwambie aondoe akaunti yake ya Google na kufuta kila kitu mbele yako, muiwashe upya pamoja mpaka ifike mwanzo. Ikidai akaunti ya mtu usiyemjua, usiichukue. Linganisha IMEI ya boksi na ile inayotokea Mipangilio, na uombe iandikwe kwenye risiti.

Kwa mpya ya jina usilolijua, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu. Chini kabisa huandikwa kama kifaa kimeidhinishwa. Kisichoidhinishwa mara nyingi hudanganya pia kuhusu nafasi: Mipangilio inasema GB 128, ukweli ni 16. Kinachoumbua uongo huo ni kunakili mafaili makubwa, kwa hiyo njoo na kadi ya kumbukumbu yenye filamu nyingi, uzinakili, kisha ufungue ya mwisho uone kama inacheza. RAM isiwe chini ya GB 4 kama unataka ikae miaka.

Kabla ya kupanda taksi ya kurudi

Tumia Wi-Fi ya mjini. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inabeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila gigabaiti unayoishusha Mbarara bila bando ni pesa iliyobaki mfukoni. Maliza masasisho yote. Pakia Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili, hadithi za watoto za African Storybook ambazo zipo kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na lugha za Google Tafsiri unazozihitaji ili zifanye kazi bila mtandao. Redio ikiwa imezimwa, siku moja ya chaji inaweza kuwa mbili.

Angalia pia kama una VPN. Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, watu wengi walipakia VPN na kuziacha zikiwaka usiku na mchana. Inakula betri na data, tena zile za bure hazijulikani zinapeleka wapi habari zako. Iwashe ukiihitaji, kisha uizime.

Nyumbani, betri ya mAh 5,100 inabeba wati-saa 20 hivi. Ukihesabu inayopotea njiani, inahitaji kama 25. Paneli ya wati 10 hutoa 6 au 7 jua likiwa kali, kwa hiyo ipe muda wa saa nne. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usiitegemee peke yake. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haitaijaza tableti hiyo mara mbili. Ni mara moja na zaidi kidogo, kama haikughushiwa. Paneli ikae juani lakini tableti ikae kivulini, kwa waya mrefu, kwa sababu joto huiua betri kuliko kuchaji mara nyingi.

Ukichajisha kwenye kibanda, nenda na chaja na waya wako. Baadhi ya maboksi siku hizi yana waya tu, na chaja ya kuazima ya wati 5 itakuweka hapo nusu siku wakati Tab A9 inaweza kupokea wati 15. Weka nywila ya kufungulia kioo kabla hujaikabidhi, na ufunike tundu la chaji kwa kitambaa au gamba la mpira. Vumbi la barabara ya Nakivale likishindiliwa humo na waya, tableti itaanza kukataa chaji, na fundi atakwambia ni betri.