Kabla ya Kuamini Picha ya Kiumbe wa Angani

Tarehe 5 Mei 2015, maelfu ya watu walijaa katika ukumbi wa Auditorio Nacional jijini Mexico City. Walikuwa wamekata tiketi ili waone slaidi mbili za zamani, ambazo kwa miezi kadhaa zilitangazwa kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba viumbe kutoka nje ya dunia waliwahi kufika hapa. Slaidi hizo zilionesha mwili mdogo uliokauka, umelazwa ndani ya kabati la kioo. Mwenyeji wa onesho alikuwa mwanahabari Jaime Maussan, na pamoja naye walikuwapo Wamarekani Tom Carey na Don Schmitt, watafiti waliotumia miaka mingi kufuatilia kisa cha Roswell, mji wa New Mexico ambako mwaka 1947 yaliokotwa katika ranchi iliyo jirani mabaki ya kitu kilichoanguka.

Karibu na mwili huo palikuwa na kibao cha maelezo chenye maandishi hafifu. Waandaaji walisema wataalamu wamejaribu kuyasoma wakashindwa. Siku chache tu baada ya onesho, kundi la watu waliokuwa wakishirikiana kuzichunguza slaidi hizo kutoka nchi mbalimbali liliipata picha ya kibao, likaipitisha kwenye programu ya kunoa picha, na mstari wa kwanza ukasomeka wazi: ni mwili uliokaushwa wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mistari iliyofuata ilieleza nguo alizozikwa nazo na jina la mtu aliyeuazima mwili huo kwa jumba la makumbusho. Ufuatiliaji ukafika hadi Mesa Verde, katika jimbo la Colorado, ambako mwili uliwahi kuwekwa hadharani, na kutoka hapo hadi magofu ya Montezuma Castle huko Arizona, ulikofukuliwa mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa mtoto wa wenyeji wa asili wa Amerika. Watu walilipa kiingilio kwenda kumtazama maiti wa mtoto wa wenzao huku wakiambiwa kwamba si binadamu. Anthony Bragalia, mmoja wa waliozipigia debe slaidi hizo, aliwaomba radhi hadharani wenyeji hao, na alistahili kufanya hivyo.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni hili: walioufichua uongo huo hawakuwa maofisa wa serikali wala maprofesa wanaodharau habari za UFO, yaani vitu vya angani visivyotambulika. Ndani ya kundi lile walikuwamo wakosoaji wa siku nyingi, lakini walikuwamo pia watu wanaoamini kwamba angani kuna jambo linalostahili kuchunguzwa. Hata Kevin Randle, ambaye zamani aliandika vitabu viwili pamoja na Schmitt kuhusu Roswell, alikuwa ameshasema kabla ya onesho kwamba slaidi hizo hazina uthibitisho wa kutosha. Katika uwanja huu, anayemtambua mwongo mapema ni mtafiti mwenzake, kwa sababu anajua mahali pa kugusa. Ndiyo maana msomaji anayetaka kupima habari hizi, hasa siku hizi ambapo picha za ajabu zinaingia kwenye simu kila wiki, atafaidika sana akisoma jinsi watafiti hawa walivyobishana.

Ushindani wao ni wa zamani. Shirika la APRO lilianzishwa mwaka 1952 na Coral na Jim Lorenzen. NICAP likafuata mwaka 1956 mjini Washington, na chini ya Donald Keyhoe, mwanajeshi mstaafu, likawa linaibana serikali ifungue mafaili yake. Fahali hawa wawili hawakukaa zizi moja. NICAP waliogopa kuchekwa, hivyo walizikwepa habari za viumbe wanaoshuka kutoka kwenye vyombo. APRO walizipokea na kuzichunguza. Mwaka 1969 Walt Andrus akajitenga na APRO na kuanzisha MUFON. Mwaka 1973 mwanafalaki J. Allen Hynek, aliyekuwa mshauri wa jeshi la anga la Marekani katika mradi wa Blue Book, akaanzisha kituo chake, CUFOS. Mradi wa Blue Book wenyewe ulifungwa mwaka 1969 ukiwa umeorodhesha taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila maelezo.

Ugomvi wa aina hii una faida pale tu unapowalazimisha watu kuweka ushahidi mezani. Unapowafanya wafiche ushahidi ili mpinzani asiuone, umma ndio unaoumia. Slaidi za Mexico ziliishi kwa muda mrefu kwa sababu picha iliyo safi ilishikiliwa na wachache. Kwa hiyo ukiletewa habari ya aina hii, swali la kwanza lisiwe kama ni kweli au uongo. Uliza nani amenyimwa nafasi ya kuuona ushahidi wenyewe. Kama jibu ni kwamba wanaonyimwa ni wale wenye uwezo wa kuupima, weka fedha yako mfukoni.

Swali la pili ni kuhusu shirika linalotetea habari hiyo: je, lina maslahi gani ikiwa kweli? Mfano mzuri ni Gulf Breeze, mji mdogo wa Florida. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1987, mjenzi mmoja aitwaye Ed Walters alitoa picha nyingi za chombo cha ajabu, na kitabu kikafuata. Uongozi wa MUFON ulimuunga mkono. Mwanafizikia Bruce Maccabee alizichambua picha hizo akaziona za kweli, lakini CUFOS walizitilia shaka, na hata ndani ya MUFON wapo waliosema mapema kwamba mambo si shwari. Mwaka 1990 mtu aliyehamia katika nyumba ya zamani ya Walters alikuta darini mfano mdogo wa chombo, umetengenezwa kwa sahani za plastiki nyepesi na karatasi, unaofanana na kile cha kwenye picha. Walters alikana kuwa ni wake. Rex na Carol Salisberry, wachunguzi wa MUFON waliokuwa wakiamini picha hizo, walirudi wakachunguza upya, na safari hii wakasema kwamba baadhi ya picha, pengine zote, ni za kughushi. Hawakushukuriwa, walijikuta nje ya MUFON. Mtu anayebadili msimamo wake hadharani baada ya kuona ushahidi mpya, huku akijua atapoteza marafiki, ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Katika kisa cha hati ziitwazo MJ-12 mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwezi Desemba 1984 mtayarishaji wa filamu Jaime Shandera alipokea kwa posta filamu ambayo haikusema imetoka kwa nani. Ndani yake mlikuwa na kurasa zinazodai kwamba Rais Truman aliunda kamati ya siri ya watu 12, iliyoitwa MJ-12, kushughulikia chombo kilichodaiwa kuanguka Roswell. Hati zilipotangazwa mwaka 1987, Stanton Friedman, mwanafizikia wa nyuklia, akawa mtetezi wake mkuu, na Philip Klass, mhariri wa jarida la masuala ya usafiri wa anga, akawa mpinzani mkuu. Klass alidai kwamba aina ya herufi za taipureta katika mojawapo ya hati haikutumika katika ofisi husika enzi hizo, akaahidi kulipa dola 100 kwa kila mfano utakaopatikana, hadi mifano kumi. Friedman aliingia kwenye kumbukumbu za serikali, akaleta mifano zaidi ya kumi, na Klass akalipa dola 1,000.

Je, Friedman alishinda? Alishinda hoja ya herufi tu. Baadaye ilionekana kwamba sahihi ya Truman kwenye ukurasa mmoja wa filamu ile inalingana kabisa na sahihi iliyo kwenye barua yake halisi ya tarehe 1 Oktoba 1947, na binadamu hawezi kutia sahihi mbili zinazolingana kila mkunjo. Kuna hati nyingine ya mwaka 1954 inayodaiwa kutoka kwa Robert Cutler, ofisa wa Ikulu ya Marekani, ambaye siku iliyoandikwa kwenye hati hiyo alikuwa nje ya nchi. FBI nao waliziandika kuwa bandia. Mbaya zaidi, William Moore, mshirika wa karibu wa Shandera, alisimama mbele ya mkutano wa MUFON huko Las Vegas mwezi Julai 1989 akakiri kwamba alishirikiana na watu wa ujasusi wa jeshi la anga waliokuwa wakimlisha habari za uongo mtafiti mwenzao, Paul Bennewitz. Ukumbi ulilipuka kwa hasira. Hapa kuna jambo la kushika: mpinzani akikosea hoja moja, haina maana kwamba kitu anachokipinga ni cha kweli. Hoja huhesabiwa moja moja.

Kuhusu mashahidi, Afrika ina kisa chake. Ijumaa ya tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi 62 wa Shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, walisema waliona kitu kikitua karibu na uwanja wao na viumbe wadogo waliovaa nguo nyeusi. Cynthia Hind, mwakilishi wa MUFON barani Afrika, alikwenda kuwahoji, na miezi miwili baadaye akaja John Mack, daktari wa akili kutoka Harvard. Kadhaa wa watoto hao, sasa watu wazima, hawajabadili maneno yao, na si haki kuwaita waongo. Lakini lawama za watafiti wenzao zina uzito: watoto walikaa wikendi nzima wakizungumza kabla ya kuhojiwa, baadhi walihojiwa wakiwa pamoja na kusikia majibu ya wenzao, na siku mbili kabla ya tukio anga ya kusini mwa Afrika iling'aa kwa mabaki ya roketi ya Urusi yaliyokuwa yakiungua, habari iliyozungumzwa kila mahali. Makosa hayo ya kuhoji hayarekebishiki leo. Kama Hind na wenzake wangemhoji kila mtoto peke yake siku ile ile, tungekuwa na kumbukumbu ambayo hata mpinzani angeiheshimu.

Kwa hiyo ukiona kitu usichokielewa angani, au mwanao akikuambia ameona, andika kabla ya kuzungumza na mtu mwingine. Andika saa, upande wa dira, umekiona kwa muda gani, kilikuwa juu kiasi gani kutoka upeo wa macho. Ngumi iliyonyooshwa mbele yako kwa urefu wa mkono ni kama nyuzi 10, kwa hiyo hesabu ngumi. Simama mahali ambapo ukingo wa paa au nguzo unakaribiana na mwanga huo. Nyota ikikaziwa macho gizani huonekana kama inasogea, na nguzo itakuambia kama imetulia. Kila mtu aliyekuwapo na achore mchoro wake peke yake. Mtoto usimwulize kama kiumbe kilikuwa na macho makubwa; mwambie aeleze alichoona, kisha nyamaza.

Picha usiikuze kupita kiasi, maana kamera ya simu ikikosa kulenga vizuri hugeuza nyota kuwa duara linalong'aa. Hifadhi faili la kwanza kama lilivyo. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora na kufuta taarifa za saa na mahali, kwa hiyo itume kama hati. Picha iliyopita katika makundi kumi haina thamani tena kwa mchunguzi.

Halafu pitia sababu za kawaida. Allan Hendry, mchunguzi wa CUFOS, alifuatilia taarifa 1,307 katika miaka ya 1970, na karibu tisa kati ya kila kumi zilipata maelezo: nyota na sayari, ndege, ndege zenye mabango ya matangazo ya taa, vimondo. Hendry hakuwa adui wa UFO. Alilipwa na kituo cha Hynek kufanya kazi hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1979 bado ni mwongozo bora. Leo ongeza msururu wa setilaiti za Starlink, zinazopita kama mstari wa taa siku za mwanzo baada ya kurushwa, na droni. Zuhura, iking'aa magharibi baada ya jua kuchwa au mashariki kabla ya alfajiri, bado inawadanganya hata marubani. Kimondo humalizika ndani ya sekunde chache. Mabaki ya roketi huweza kuvuka anga kwa dakika nzima yakiwa vipande vipande.

Usisahau kumtazama mleta habari. Septemba 2023 Maussan, yule yule wa Mexico City, aliwasilisha mbele ya wabunge wa Mexico miili miwili midogo akidai si ya binadamu. Miezi michache baadaye wataalamu wa Peru walichunguza vinyago vya aina hiyo vilivyokamatwa uwanja wa ndege wa Lima, wakakuta vimeungwa kwa mifupa ya wanyama na ya watu kwa gundi ya kisasa. Rekodi ya mtu ni sehemu ya ushahidi.

Mwisho ni suala la usalama. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema uchunguzi wa awali ulionesha kuwa ni kipande cha roketi. Vitu kama hivyo vinaweza kuwa vya moto, au kuwa na ncha kali au mabaki ya mafuta yenye sumu. Ukikuta kimoja, usikiguse, usikate kipande cha kuuza, wazuie watoto, piga picha kutoka mbali, na uwaite polisi mara moja.