Shajara ya Picha Moja kwa Wiki

Walakota na ndugu zao wa karibu, wenyeji wa nyanda za kaskazini mwa Marekani, waliitunza historia yao kwenye ngozi ya nyati. Mwaka wao ulianza na theluji ya kwanza na kuisha theluji ya kwanza iliyofuata, na kila mwaka ulipata picha moja tu. Mtunzaji wa ngozi hakuamua peke yake: wazee walikaa wakajadiliana ni tukio gani litaupa mwaka jina. Ngozi inayojulikana zaidi, ya Lone Dog wa Wayanktonai, mojawapo ya makabila hayo ndugu, inaanzia katikati kwa majira ya baridi ya 1800 na kuzunguka hadi 1871. Bibi zetu waliohesabu umri kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige wangeielewa bila kufundishwa.

Utaratibu huo unafaa sana kwa mtu anayetaka kujitafakari lakini akifungua daftari anabaki kulitazama.

1. Tafuta karatasi moja ya manila. Daftari nene linakuchochea ujaze kurasa. Weka alama katikati. Picha ya kwanza itakaa hapo, nyingine zitaizunguka kuelekea nje.

2. Chagua kipimo. Mwaka ni mrefu kwa anayeanza, wiki inatosha. Siku ya kufunga wiki isihamehame.

3. Kwenye kipande cha karatasi, orodhesha yaliyotokea: msiba, ugomvi na jirani, mvua iliyovuja jikoni. Usipange.

4. Kata mpaka libaki moja. Kazi yenyewe iko hapa, na usiikimbilie. Kwa Lone Dog, majira ya 1801 ni mtu mwenye madoa mekundu ya ndui. Ya 1803 ni farasi wenye manyoya ya kujisokota walioibwa kwa Wakrow, kabila jirani. Ya 1833 ni vimondo vya Novemba, ambavyo vimo kwenye ngozi nyingi kiasi kwamba watafiti hulinganishia tarehe. Farasi wamepewa nafasi sawa na ndui! Basi usitafute tukio kubwa, tafuta linalotambulika: ukisema "ile wiki ya...", wa nyumbani watajua? Kisha muulize mmoja wao angechagua lipi. Huenda akataja jambo ambalo hukuliweka hata kwenye orodha. Kabla ya kubisha, jiulize kwa nini uliliacha.

5. Chora. Huhitaji kipaji: watu 30 waliouawa na Wakrow katika majira ya 1800 ni mistari 30 myeusi, basi. Ila usinakili alama zao, zina wenyewe. Unachoazima ni utaratibu, picha zitoke kwenye maisha yako.

6. Nyuma ya karatasi andika tarehe na jina fupi, kwa mfano "Wiki bomba lilipopasuka". Maelezo yaache. Hata kwa Walakota picha ilikuwa ya kukumbushia tu, kisa chenyewe kilikaa kinywani mwa mtunzaji.

7. Kila mwezi, kaa na mtu unayemwamini, gusa picha moja moja kuanzia katikati na usimulie kwa sauti. Uliporuka haraka au kukwama, tia nukta ya penseli. Hizo zenye nukta ndizo za kuandikia kurasa nzima, usiku huohuo, kabla hujapata maneno mazuri ya kuzipamba.

Karatasi ikichakaa, nakili upya. Nyati walipoadimika, watunzaji walihamia kwenye kitambaa na madaftari ya hesabu. Lakini unaponakili usibadilishe picha ya zamani, hata kama leo ungechagua tukio jingine. Hilo jipya lichore pembeni yake kwa rangi tofauti, na uweke tarehe ya siku uliyobadili mawazo.