Namba za wanachama zimeandikwa kila mtindo

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi Mbita, Homa Bay, chenye wanachama hadi Muhuru Bay, Migori. Namba zao za simu nyingine zinaanza na 07, nyingine 2547, nyingine +254 zikiwa na nafasi katikati. Nizirekebishe moja moja?

Jibu: Usijitese. Tumia Excel ya 2013 au ya baadaye. Weka safu mpya kando ya ile ya namba na uifanye ya maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo itamezwa. Andika namba sahihi kando ya ile ya kwanza, shuka seli moja, bonyeza Ctrl na E. Programu hubuni kanuni kutokana na mfano wako na kujaza safu nzima. Msingi wa uwezo huu ni utafiti wa Sumit Gulwani wa Microsoft.

Mfano mmoja hautakutosha. Toa mmoja kwa kila mtindo, hasa namba zinazoanza na 01, ambazo kanuni huweza kuzigeuza 07 kimyakimya. Hapo ndipo ninapohofia pesa za wavuvi. Kabla ya kutuma malipo kwa M-Pesa, mwekahazina alinganishe safu zote mbili. Mwanachama akibadilisha namba, futa seli yake katika safu mpya na ubonyeze upya Ctrl na E; safu haijirekebishi.