Dondoo muhimu: Mwenye shamba tayari yumo sokoni
Mkulima wa Mawengi au Makambako, mkoani Njombe, mwenye mahindi ghalani na miti shambani tayari amewekeza kwenye bidhaa. Akinunua magunia mengine angojee bei ipande, anazidisha hatari ileile. Akiba yake iende kwingine, kama hisa na mifuko ya uwekezaji. Utasema benki ya nyumbani inatosha. Lakini Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania iliifunga Njombe Community Bank, na bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa kila mteja. Utasema pia hisa hushuka. Kweli, ndiyo maana ada ya shule haipelekwi Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ada hiyo inafaa kuwekwa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaolipa ndani ya siku chache za kazi, ingawa nao hauahidi faida.