Skrini Nyeusi Darasani: Kufundisha Uchunguzi wa Hitilafu kwa Mfano wa Kiendeshi cha Picha

Walimu wengi wa somo la kompyuta, nami nikiwa miongoni mwao, tumezoea kufundisha mashine inapokuwa nzima. Inapoharibika tunawatoa wanafunzi nje, tunamwita fundi, na kipindi hugeuzwa kuwa cha kusoma kimya. Kwa desturi hiyo tunawanyima wanafunzi sehemu ya somo yenye manufaa kuliko zote. Makala haya yanaeleza kipindi kimoja cha dakika themanini kilichofundishwa katika shule ya sekondari hapa Shelui, wilaya ya Iramba, baada ya kompyuta moja kukataa kuonyesha picha kwa sababu ya sasisho la mfumo wa Linux. Shabaha si kumfanya mwalimu awe fundi, bali kuonyesha jinsi hitilafu ya kweli inavyoweza kutumiwa kufundisha uchunguzi.

Yafaa kwanza msomaji asiyeuzoea mfumo huo aelewe jambo moja. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Finland, ina kiini kiitwacho keneli. Keneli huwasiliana na kila chombo cha kompyuta kwa njia ya programu ndogo iitwayo kiendeshi. Viendeshi vingi huja pamoja na keneli yenyewe. Lakini baadhi ya kadi za picha hutumia kiendeshi cha kampuni iliyozitengeneza, nacho hakimo ndani ya keneli. Hakina budi kuundwa upya kila keneli inapobadilishwa. Kazi hiyo hufanywa na programu ya DKMS, ambayo huhitaji vifurushi vya maelezo ya keneli ileile mpya, vijulikanavyo kwa jina la linux-headers. Vikikosekana, keneli mpya itawekwa bila kulalamika sana, ila kiendeshi hakitakuwapo.

Shule yetu ina kompyuta sita za mitumba, na intaneti yetu ni ya simu. Kwa kuwa bando ni ghali, nilikwenda Singida mjini nikapakua keneli mpya kwenye flashi. Jioni niliporudi niliiweka katika kompyuta mbili: ya dirishani, ambayo kiendeshi chake kimo ndani ya keneli, na ya mlangoni, ambayo hutumia kiendeshi cha kampuni. Asubuhi ya pili ya dirishani iliwaka vizuri. Ya mlangoni ilionyesha maandishi machache, kisha skrini ikawa nyeusi, na kistari kimoja kikipepesa pembeni juu.

Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuingia. Mmoja wao, kijana hodari, alipendekeza tufute kila kitu na kuweka mfumo upya. Pendekezo hilo ndilo linalosikika kila mahali, na mara nyingine hufaulu. Lakini ndani ya mashine hiyo zilikuwamo kazi za Kidato cha Tatu: hesabu za mapato na matumizi ya mashine ya kukamua alizeti, walizozikusanya kwa majuma kadhaa, wala hapakuwa na nakala nyingine. Nilikataza mtu yeyote kugusa kibodi kabla ya kuandika daftarini majibu ya maswali matatu: Unaona nini? Ni kitu gani kilichobadilika tangu mashine ilipofanya kazi mara ya mwisho? Ni kitu gani kinachofanya kazi hata sasa?

Darasa lilinung’unika, nikawauliza mtambo wa alizeti ukigoma fundi hufanya nini. Binti mmoja ambaye baba yake ana mtambo alijibu kwamba fundi mzuri hafungui nati hata moja kabla ya kuuliza, “Jana mligusa wapi?” Tangu hapo sikuhitaji kueleza zaidi.

Swali la tatu ndilo lililotufikisha mbali. Mwanafunzi alibonyeza kitufe cha herufi kubwa, na taa yake ikawaka na kuzimika. Kumbe mashine haikufa! Nikawaelekeza wabonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mara ikatokea nafasi ya kuandika jina na neno la siri, maandishi meupe juu ya weusi. Hapa mwalimu asipite haraka. Tofauti kati ya “kompyuta imekufa” na “picha haitoki” ni kubwa, na wanafunzi wachache huiona wenyewe. Tuliposoma kumbukumbu ya /var/log/Xorg.0.log, mistari yenye alama ya (EE), ambayo ndiyo ya makosa, ilieleza kuwa hakuna skrini iliyopatikana. Niliwataka waiandike kwa Kiswahili chao, si kuinakili. Tusione haya kufanya hivyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili.

Kisha tukachora jedwali ubaoni. Kompyuta ya dirishani: keneli mpya, kadi nyingine, inafanya kazi. Kompyuta ya tatu, ambayo sikuigusa: keneli ya zamani, kadi sawa na ile ya mlangoni, inafanya kazi. Ya mlangoni: keneli mpya na kadi hiyo, haifanyi kazi. Niliwaacha dakika kumi walitazame. Walihitimisha wenyewe kwamba keneli mpya peke yake si mbovu, wala kadi peke yake si mbovu; ubaya uko pale viwili hivyo vinapokutana. Kusema kweli, sijapata kuona kanuni ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati ikieleweka upesi namna hiyo, hata katika maabara ya kemia.

Hitimisho likijaribiwa ndipo linapokuwa na thamani. Tuliwasha mashine upya, na katika menyu ya GRUB tukachagua keneli ya zamani, ambayo Linux kwa kawaida haiifuti mara moja. (Menyu isipotokea, shikilia kitufe cha Shift au bonyeza Esc mwanzoni.) Picha ikarudi. Kabla ya lolote lingine tulinakili kazi za Kidato cha Tatu kwenye flashi.

Wengine walidhani somo limekwisha. Nikauliza: kwa nini keneli mpya imekosa kiendeshi? Amri ya dkms status ilionyesha kuwa kiendeshi kimeundwa kwa keneli ya zamani tu. Binti yule wa mtambo wa alizeti akafungua /var/log/dpkg.log, kitabu ambamo mfumo huandika kila kifurushi kinachowekwa, akasoma kwa sauti: keneli mpya iliwekwa jana, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, linux-headers za keneli hiyo hazimo. Akageuka akauliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, jana jioni nani alikuwa humu?”

Ilikuwa rahisi kusema sasisho lilikuwa bovu, nao wangeniamini. Nilisema ni mimi, na kwamba vifurushi vile nilivisahau Singida. Niliandika kosa hilo ubaoni chini ya jedwali, katika safu ya sababu, kama ambavyo ningeandika kosa la mwingine yeyote.

Katika kutengeneza tulikutana na mtego ambao mwalimu yafaa auandae makusudi. Kijana yule hodari alitumia amri maarufu ya kuweka linux-headers yenye uname -r mwishoni, akajibiwa kwamba tayari zimo. Alishangaa. Amri ya uname -r hutaja keneli inayotumika wakati huo, na sisi tulikuwa tumeingia kwa keneli ya zamani! Ilibidi kulitaja toleo jipya kwa jina lake kamili. Tulipakua vifurushi hivyo kwa bando la simu yangu, tukaagiza dkms autoinstall -k pamoja na jina la toleo jipya, tukawasha upya, na skrini ikajaa rangi.

Mwalimu atakayejaribu somo hili ajue kwamba sababu huweza kuwa nyingine: kadi ya zamani ambayo kampuni yake imekoma kuihudumia, Secure Boot inayokataa kiendeshi kisicho na saini, au diski iliyojaa. Utaratibu wa maswali haubadiliki. Katika kusahihisha nilitoa alama kwa daftari, si kwa mashine kuwaka, na aliyependekeza kufuta kila kitu alipata alama nzuri kwa kueleza ni lini pendekezo lake lingefaa.

Kompyuta zilizobaki tulizisasisha juma lililofuata. Safari hii orodha ya vifurushi waliiandika wanafunzi, nami nikaenda nayo mjini mfukoni.